Unga Ndani ya Kovu la Vuai

Mimi ndiye niliyemfuta. Nalisema hili mapema, kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, maana huruma zenu nazijua. Hakuna aliyenishika mkono. Niliketi kitini pangu, chai ya tangawizi kando, nikalifuta kovu la mtu shavuni kwa brashi yenye upana wa punje ya mchele, na nilipomaliza nikapiga mluzi. Mluzi, jamani! Kama mtu aliyetandika kitanda vizuri.

Mji wetu una jua moja lililosimama saa kumi alasiri. Wapo wanaosema zamani lilikuwa linatua, wengine wanasema hao wanaosema hivyo wametumwa. Sijui. Kazi yangu ni sura, mambo ya mbinguni yana wenyewe. Ninachojua ni kwamba mwanga wetu unatoka upande mmoja siku zote, na mwanga wa ubavuni hausitiri kitu: kila tundu la chunusi, kila mfereji wa uso, kila jeraha lililopona vibaya huweka kivuli chake. Labda ndiyo sababu watu wa mji huu wanaogopa kukumbukwa jinsi walivyo. Labda ndiyo sababu walinihitaji.

Kwa kuwa jua halitui, siku za msiba tunazihesabu kwa usingizi wa mfiwa. Mtu akifa, walio wake huleta picha yake Nyumba ya Kuta, mahali ninapofanyia kazi. Naisafisha, inapandishwa ukutani, kisha yule aliyekuwa karibu zaidi na marehemu analala na kuamka, analala na kuamka, na kila usingizi ni siku moja. Akiamka kutoka usingizi wa arobaini, yeye na mji mzima wanamkumbuka yule aliye ukutani, basi. Mwingine hakuwapo. Kilichofutwa kwenye picha hakikutokea. Na msidhani watu waliburutwa kuja. Walikuja wenyewe, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za sikukuu, wakiniinamia sikioni: Fundi, lile jicho jekundu litoe. Fundi, mpunguzie mvi kidogo. Fundi, alikuwa anakunja uso, hebu mkunjue.

Nami nilimkunjua. Niliwakunjua wote.

Nilikuwa na suti moja. Ya kijivu, tai ya rangi ya zambarau iliyoiva, niliipata kwenye picha ya bwana mmoja nisiyemjua, nikakikata kichwa chake na kuihifadhi nguo. Juu ya kola ile nimeweka kichwa cha mkulima, cha fundi bomba, cha mwizi wa kuku na cha hakimu aliyemfunga. Wanaume karibu mia nne wako ukutani na suti ileile, tai imepinda kidogo kulia kwa wote. Ukipita pale haraka utadhani ni kikao cha wakurugenzi ambao hawana kampuni.

Na nilikuwa na shavu moja. Hili ni baya zaidi, na sikuwahi kumwambia mtu. Ukitaka kuziba kovu kwenye picha, lazima uchukue kipande cha ngozi safi mahali fulani, ukilaze juu ya kovu, ukilainishe kingo. Fundi mwenye subira huchukua ngozi ya mtu yuleyule, kwenye paji, chini ya sikio, popote palipo salama. Mimi nilikuwa na shavu langu mwenyewe, la kushoto, lililopigwa picha nilipokuwa na miaka ishirini, kabla ya jua na maudhi. Lilikuwa safi, lilikuwa tayari, nililiweka pembeni mwa skrini na kulichovya kama nilivyochovya mkate kwenye chai. Kwa hiyo nikipita mbele ya ukuta ule najiona. Niko kwenye taya la hakimu, niko kwenye paji la mwizi. Nani alinipa ruhusa ya kuwa shavu la mia nne? Niliwahi kujiuliza, nikajijibu kwamba ruhusa ni kuuliza na kukosa mtu wa kukataa, nikaendelea na kazi.

Sasa, ufundi huu una sharti moja. Mwanafunzi hufundishwa sharti hilo kabla hajaonyeshwa brashi: nakili kwanza. Picha ya asili haiguswi. Unaitoa nakala, unailaza juu kama tabaka la pili, na hapo ndipo unapochezea. Asili inalala chini, nzima, na ukikosea unafunua unaikuta. Nimelifundisha hili mara nyingi kwa kidole kimeinuliwa. Lakini ukishasafisha nyuso mia nne unaingiwa na kiburi. Ya Vuai, yule mwenye kovu, niliifanyia kazi juu ya asili yenyewe. Nikafuta, nikalainisha, nikamvisha suti, nikahifadhi. Nilipohifadhi, chini hapakuwa na kitu. Na ile karatasi ndogo ya picha iliyoletwa na mjane wake? Kwa desturi ya Nyumba, picha ikishaingia kwenye skana karatasi inaloweshwa kwenye beseni mbele ya familia mpaka wino uachie, ili mji usiwe na sura mbili za mtu mmoja. Mjane mwenyewe alishika ukingo wa beseni. Nilimwona, sikumtazama.

*

Mjane huyo alikuja akiwa amelala mara thelathini na tisa.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Fundi Mishi?"

"Ndimi."

Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka hamsini hivi, macho mekundu, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mfuko wa unga wa ngano. Baadaye aliniambia alikibeba kwa mazoea tu. Asingeweza kutoka nyumbani bila unga, kama wengine wasivyotoka bila mtandio. Jina lake Mwanakombo. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa mara ya pili.

"Nimekuja kukuuliza," akasema. "Yule bwana harusi uliyenibandikia pale ukutani ni nani?"

"Ni mumeo, mama. Vuai, mwokaji mikate."

"Vuai hakuwa na suti. Vuai alikuwa na singlendi mbili, moja mwilini, moja kwenye kamba."

"Suti ni heshima tu, mama."

"Haya, suti mwachie, atazoea. Kovu langu liko wapi?"

"Kovu lake?"

"Langu. Nilimpa mimi."

Akanisimulia, na nitawasimulia alivyosema, sitalainisha kitu. Alikuwa msichana, ametumwa mikate. Mbele ya tanuri kulikuwa na kijana anavuta trei za moto, na wenzake walikuwa wanamwita Vuai, Vuai, kila mmoja kwa shida yake. Yeye hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kujua kama atageuka. Akaita: Vuai! Kijana akageuka na trei begani, na pembe ya trei ikampata kwenye taya. Ngozi ikalia. Hakupiga kelele. Aliitua trei kwanza, taratibu, mikate isimwagike, ndipo akauliza: Nani kaniita? Mimi. Haya, nakusikiliza.

"Miaka thelathini na moja," akasema Bi Mwanakombo. "Kila asubuhi unga ulikuwa unakaa humo kovuni, nami nampangusa. Sasa shavu la yule uliyemweka ukutani halijageuka kokote. Huyo hakuitwa na mtu. Nikilala mara moja tu, ya arobaini, nitaamka nikiwa sikumwita. Nitakuwa mjane wa suti. Unanielewa, mwanangu?"

"Nakuelewa."

"Tangu nilipogundua kovu halipo sijalala, na sitalala mpaka ulirudishe."

Nilifikiria kumdanganya. Nisiwafiche. Nilikuwa nimeshaupanga uongo wote kichwani, kwamba nitafunua tabaka la juu, kwamba ni kazi ya dakika mbili. Nikaifungua picha mbele yake, nikamwonyesha: tabaka moja. Nikamweleza nilichokifanya, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mluzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huna."

"Sina, mama."

"Kwa hiyo utalitengeneza."

Hakuwa anauliza. Akaukunja mtandio, akauweka mapajani, akanitazama kama mtu aliyefika dukani mapema na kukuta duka halijafunguliwa. Nikasogeza kiti.

*

Kutengeneza kovu. Hebu lifikirini neno hilo kidogo. Maisha yangu yote nilijifunza kuondoa, na kuondoa kuna ramani: kovu lenyewe hukuonyesha pa kuanzia na pa kuishia. Kurudisha hakuna ramani. Shavu safi halikuambii lolote. Ni kama mtu anayekuangalia na kusema, hapa hapajawahi kuwa na kitu, wewe vipi? Na niliposhika kalamu nikagundua jambo. Nilikuwa nikiamini kwamba mtu ni kile kinachobaki ukishamtolea yaliyompata: jeraha, njaa, hasira, ugonjwa wa utotoni. Unamwosha yote hayo na yule anayetokea chini, yule aliyetulia, ndiye mwenyewe. Basi nikamtazama Vuai, ameoshwa, ametulia, na nikamtafuta mwenyewe. Nikamkuta hakimu. Nikamkuta fundi bomba. Nikajikuta mimi na miaka ishirini.

Nikawaita walionunua mikate yake. Mmoja alisema kovu lilikuwa la mviringo. Wa pili alisema lilikuwa na ncha kama ndoana. Kinyozi wake, mtu aliyelinyoa taya lile kila wiki, aliapa kwamba lilikuwa upande wa kulia, kisha akasita, akajishika shavu, akasema pengine halikuwapo, pengine anamchanganya na mtu mwingine. Walikuwa wameutazama ukuta ule kwa siku thelathini na tisa. Kila mmoja alileta kilichombakia, na kilichobaki kilikuwa kidogo na kibovu. Nikachora makovu kumi na moja.

"Hilo ni la ndui," akasema Bi Mwanakombo.

"Na hili?"

"Hilo ni zuri mno. Umelipamba. Vuai hakuungua kwa mapambo."

"Hili je?"

"Wee! Hapo amepigwa kisu. Nani kampiga mume wangu kisu?"

"Basi niambie wewe, mama. Lilikuwaje?"

Akainua kidole kuchora hewani, kidole kikasimama. Macho yake nayo yalikuwa yameshachukuliwa na ukuta, kasoro usingizi mmoja. Hapo ndipo alipolia mara ya kwanza, kwa hasira, akijifuta na ukingo wa mtandio. "Naliona shavu lako," akaniambia. "Kila nikimtafuta naliona hilo shavu lako la kipumbavu." Sikujua kwamba alikuwa amelitambua. Kumbe ukiwa macho muda mrefu unaona mengi.

Kazi ikawa mbili, kovu na usingizi. Nilimbadilishia kigoda, nikampa kile chenye mguu mfupi ili akisinzia kimyumbishe. Nikamtia miguu kwenye beseni la maji, beseni lilelile, Mungu anisamehe. Akatafuna karafuu. Akatafuna pilipili manga. Alipoishiwa na ya kusema, akaniamuru niseme mimi.

"Sema chochote. Ukinyamaza nitalala."

"Nilianza na mama yangu," nikasema.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililotoka. Mama yangu ndiye uso wa kwanza niliousafisha. Nilikuwa najifunza, nilitaka apendeze. Yuko ukuta wa kwanza, safu ya chini, kavaa kitenge ambacho hakuwahi kukimiliki, na namkumbuka hivyo hivyo, na kitenge chake, naona ni sawa. Sikumbuki alikuwa na nini usoni. Nakumbuka tu kwamba nilitoa kitu. Mkono wangu unakumbuka kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mahali fulani karibu na mdomo, na ninapojaribu kuona chini ya brashi naona shavu langu.

Bi Mwanakombo aliacha kutafuna. "Na hujawahi kumtafuta?"

"Sikujua kwamba amepotea."

*

Mkuu wa Kuta alikuja na mto.

Jina lake Bwana Shaibu. Uso wake nimeusafisha mara kumi na moja angali hai, kwa amri yake, mpaka hakuna tena cha kushika. Akikasirika hujui, akifurahi hujui, unasikiliza viatu tu. Viatu vyake viliingia polepole. Mto ulikuwa wa sufi, mpya, foronya nyeupe imepigwa pasi.

"Pole sana, Bi Mwanakombo," akasema. "Nimeambiwa huna raha. Nimekuletea mto huu ujilaze."

"Ahsante. Uweke."

Akauweka sakafuni, karibu na miguu yake iliyokuwa majini, akaupapasa utulie. Kisha akaenda kuitazama skrini yangu na makovu yake kumi na moja.

"Kidonda ni cha siku moja," akasema. "Ukuta ni wa siku zote. Kweli mnataka mji umkumbuke mtu huyu kwa ajali?"

"Haikuwa ajali," akasema Bi Mwanakombo. "Nilimwita kwa makusudi."

Mtu wa namna ya Bwana Shaibu hajibu, anageukia mwajiriwa wake. "Fundi, ukipandisha picha yenye doa, kesho watakuja wote. Mtu atataka jino la baba yake, mtu atataka mvi za shangazi. Una asili zao?"

"Za wachache. Za wengi sina."

"Basi fikiri."

Akatoka. Hakukataza, mnaona? Hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye nguvu kwelikweli hahitaji kukataza; anaacha mto mweupe sakafuni na jua la saa kumi, na anajua kwamba kila mwili una mwisho wake. Nilitaka kuutupa ule mto nje. Bi Mwanakombo akaniambia niuache, ni mto mzuri, utafaa kazi ikiisha.

Nikajiuliza basi, nikiwa nimekaa pale: uso ni wa nani? Wa aliyezaliwa nao? Huyo hauoni, anauazima kwenye kioo. Wa jicho linaloutazama? Jicho nimelidanganya mara mia nne na halijawahi hata kupepesa. Wa ukuta? Ukuta hauna haja na mtu, unataka wawe sawa tu ili wapangike. Nilikuwa nawaza hivyo, kichwa kizito, na wakati huo Bi Mwanakombo alikuwa ameanza kuzidiwa. Kidevu kilishuka. Karafuu ikamtoka mdomoni. Nikaruka kumshika, na ndipo nikaona.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti. Kidole gumba kilikuwa kinapangusa. Kinashuka sawa, kisha kinapinda kidogo kuelekea nyuma, kinainuka. Kinashuka, kinapinda, kinainuka. Mara nne, mara tano, njia ileile, bila kupotea hata kwa upana wa uzi.

"Mama! Mkono wako unafanya nini?"

Akashtuka. "Mkono upi?"

Ukasimama papo hapo. Alipouangalia ukawa mkono tu.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Una wazimu? Nikifumba nitalala."

"Macho yako yamelaghaiwa, mama. Mkono haujawahi kuuangalia ukuta. Fumba, useme na mimi. Ukiendelea kusema hujalala. Ukinyamaza nitakuita."

Alikuwa anapima kama mimi, niliyemfuta mumewe nikipiga mluzi, ninafaa kukabidhiwa usingizi wa arobaini. Kisha akavuta kikapu, akamwaga unga mezani kwangu, juu ya kalamu na karatasi zangu zote, akatia maji.

"Usitie hamira," nikasema. "Utaumuka, utaziba."

"Mwanangu, nimeoka miaka thelathini na moja. Unanifundisha hamira?"

Akacheka. Nami nikacheka, Mungu wangu, hali ile. Akakanda mpaka unga ukawa laini na mzito, akaufinyanga, na chini ya viganja vile vikubwa likaanza kutokea taya. Sikuwa nimeona kitu kama kile. Akapunguza hapa, akakaza pale, akanung'unika kwamba Vuai alikonda mwishoni, akapunguza tena. Kisha akavuta pumzi na kufumba macho.

"Sema, mama."

"Nasema. Ni asubuhi. Amerudi kutoka tanurini, kanikalia kwenye kizingiti. Ananuka moshi. Namwambia, wewe mtu, unaniletea unga ndani. Ananyamaza, anageuza shavu nimpanguse. Huyu naye! Anajua kabisa ninapenda."

Kidole kikashuka kwenye unga. Kikapinda. Kikainuka.

"Endelea."

"Anasema leo wameniita watu wengi sana. Namwuliza, umegeuka? Anasema..." Sauti ikapungua. "Anasema..."

"Bi Mwanakombo!"

Akageuka. Kichwa chote, ghafla, kuelekea kwangu, macho yamefumba.

"Nani kaniita?"

"Mimi."

"Haya," akasema polepole. "Nakusikiliza."

Akanyunyiza unga mkavu juu ya taya, akaupangusa kwa kiganja, na unga ukatoka kote isipokuwa ndani ya ule mfereji. Jua la saa kumi likaingia kwa ubavu, likaweka kivuli chembamba ukingoni. Nikapiga picha kabla sijapumua.

*

Nikanakili kwanza.

Kisha nikaliweka tabaka la unga juu ya shavu, nikalipunguza uzito mpaka ngozi ikaonekana kupitia kwake, nikaondoa kila kilichokuwa unga na kuacha kilichokuwa kovu. Nikavuta karibu mpaka sikuona uso tena, naona njia tu. Na hapo nikaelewa kwa nini makovu yote kumi na moja yalikosewa. Tulikuwa tunachora pembe ya trei. Kovu halikuwa na umbo la trei. Lilianza sawa, pale chuma kilipogusa, kisha likajipinda kuelekea sikioni, kwa sababu shingo ilikuwa bado inaendelea kugeuka. Alikuwa ameshaungua na bado anageuka kumtazama aliyemwita. Yote hayo yalikuwa shavuni mwake, urefu wa nusu kidole, na mimi nimeyafuta kabla chai haijapoa. Nililia, siwafichi, nikaendelea kufanya kazi nikilia, maana mkono ukishapata njia hauiachi.

Tuliipandisha wenyewe, mimi kwenye ngazi, yeye akishika ngazi. Watu wakakusanyika. Mia tatu na tisini na kitu wa suti ya kijivu, mashavu yamenyooka, na katikati yao mmoja mwenye suti ileile na kovu. Kinyozi alisogea mbele, akarudi nyuma. Bwana Shaibu alifika, viatu vikasimama. Nikamtazama kwa hofu, na uso wake kama kawaida haukuniambia kitu. Ila mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye nyusi, ukapapasa juu ya nyusi, ukashuka, ukapanda tena. Ulikuwa unatafuta. Nilikumbuka kwamba pale niliwahi kutoa kitu, mara ya kwanza kati ya zile kumi na moja. Sikumbuki nini.

Bi Mwanakombo aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Ndiye?" nikamwuliza.

"Sijui. Macho yangu hayajui." Akapanda ngazi hatua mbili, akaweka kidole gumba juu ya kovu, akakiacha hapo. Akashuka. "Nitajua nikilala."

"Na kama nimekosea?"

"Basi hutakuwa na wa kukuambia," akasema, "maana mimi nitaona ni sawa."

Akauokota mto wa Bwana Shaibu, akaupiga makofi mawili, akajilaza kwenye saruji chini ya ukuta, mtandio usoni. Alilala kabla hajamaliza kunyoosha miguu. Watu walibaki. Nilikaa kando yake, mgongo ukutani, na sikuinua macho kuitazama picha kwa sababu niliogopa kuona jinsi itakavyobadilika ndani yangu. Jua lilikaa palepale. Usingizi wa arobaini hauna urefu unaojulikana. Wengine huchukua muda wa chai, wengine watoto wao hukua. Nilisikia pumzi zake zikienda na kurudi, na sikuacha kuzihesabu.

Alipoamka hakutazama juu. Alikaa, akajinyoosha shingo.

"Nimemwita," akasema.

"Akageuka?"

"Akageuka." Akapangusa kidole gumba kwenye mtandio, kama mtu mwenye unga. "Na akaungua tena, maskini wangu. Akaungua tena."

Akalia, safari hii kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nilimsubiri mpaka amalize. Kisha nikamwuliza unga umebaki kiasi gani, maana mama yangu yuko ukuta wa kwanza, safu ya chini, na mikono ninayo.